Maji ya Kuoshea Macho

9 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi tuko wazima, tunasukuma siku. Mama anakusalimu, anasema umekonda kwenye ile picha. Nimemwambia picha yenyewe ni ya miaka mitano iliyopita, hataki kusikia, keshaamua umekonda. Magoti yake ni yale yale. Paa la jikoni limezibwa. Masikio yangu nayo ni yale ya siku zote, ukinipigia simu wanaokusikia ni majirani, kwa hiyo tuandikiane kama tulivyozoea.

Wifi alimfikisha mtoto juzi saa nne asubuhi. Mshukuru sana mkeo. Siku mbili ndani ya basi amemshika mkono, amemlisha, amempeleka msalani, na hajalalamika hata mara moja. Mimi nilikuwa nimejiapiza nisilie. Alipoteremka na bandeji kwenye macho yote mawili nililia mbele ya kondakta na abiria wake wote, wakanishushia mizigo bure kwa huruma.

Unajua kwa nini tulimwita Chiriku. Tangu ana miaka miwili mdomo wake haujui kupumzika. Ulipomtafutia kazi ya kuosha vyombo vya vioo hapo kwenye maabara yenu ya kupima udongo, nilikwambia, Profesa, utamrudisha mwenyewe kwa kuchoka masikio. Tulijigamba mtaa mzima kwamba mtoto anafanya kazi na mjomba wake, anavaa koti jeupe. Sasa amerudi na hasemi. Ukimuuliza anajibu, halafu basi.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Kwenye begi lake nimekuta barua ya onyo. Mtu amelazwa, macho yameungua kwa tindikali, na ofisi inamletea barua ya onyo kitandani! Imeandikwa kwamba alivua miwani ya kinga, na kwamba "alipatwa na taharuki akashindwa kutumia bomba la kuoshea macho". La miwani anakubali. Anasema ilikuwa imejaa ukungu haoni kitu, akaipandisha kwenye paji la uso, na mrija wa tindikali ukapasuka wakati huo huo. Kosa lake, anakubali. La bomba hakubali. Anasema alilifikia, akavuta mpini kwa mikono miwili, haikutoka hata tone. Akavuta tena. Wewe ndiye uliyefika wa kwanza, ukamwambia subiri, subiri, na maji yakaja baadaye.

Hospitali walimwambia macho yangeoshwa mara moja yangepona. Kila anayemsikia anamwambia ulichanganyikiwa, binti, hukuvuta vizuri.

Wewe ndiye msimamizi wa usalama pale. Neno moja tu nalitaka kwako. Maji yalikuwepo au hayakuwepo?

Dada yako


2 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilifika mapema lakini huku kazini hakukaliki. Mke wangu anawasalimu, watoto hawajambo, mkubwa ameanza kuvaa viatu vyangu bila ruhusa. Mwambie Mama sijakonda, ni mpiga picha tu. Nimefurahi kusikia paa limezibwa.

Habari za Chiriku zinaniumiza kuliko ninavyoweza kuandika. Namuombea kila siku.

Dada, ngoja nikueleze mambo haya yanavyokwenda, maana kwa mtu wa nje yanaonekana kama ukatili. Ajali ikitokea, fomu inajazwa ndani ya saa ishirini na nne. Halafu kamati inakaa. Halafu anakuja Mkaguzi kutoka serikalini, ambaye hatujui siku wala saa yake. Yeye akiona kasoro anaandika, na kila kasoro ina adhabu yake: onyo, faini, chumba kufungwa, au maabara nzima kunyang'anywa cheti. Tukinyang'anywa cheti wanarudi nyumbani watu thelathini na wawili. Kwa hiyo ofisi inakuwa makini sana na kila neno linaloandikwa, na ndiyo maana barua ya Chiriku imeandikwa kwa lugha ile kavu. Si kwamba wanamchukia.

Mkaguzi alikuja siku tatu baada ya ajali. Alivuta mpini wa bomba mwenyewe. Maji yalitoka kwa nguvu mpaka yakamlowesha tai. Akasoma kitabu cha ukaguzi wa kila Ijumaa, akakuta saini zote zipo. Akaandika kwamba kifaa ni kizima.

Tuna mwenzetu hapa, fundi wa mizani, mzee mpole kabisa. Mwaka jana aliandika kuhusu feni ya kuvuta moshi iliyokufa, akatumbukiza karatasi yake kwenye sanduku jekundu la taarifa. Sanduku lile ufunguo wake anao Mkuu wa Maabara. Wiki iliyofuata fundi wa mizani alihamishiwa stoo, na mpaka leo anahesabu chupa. Nakuambia haya ujue tu hali ilivyo.

Nimemtumia Chiriku miwani nyeusi na dawa ya matone. Ajitahidi kupumzika.

Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu,

Salamu tele. Mama alipata mafua, yameisha. Jirani yetu mshonaji amepata wajukuu, mapacha, sasa halali na sisi hatulali. Miwani imefika, imemkaa vizuri. Dawa anaweka. Anaendelea.

Sasa nisikilize. Nilikuuliza neno moja, umeniandikia kurasa mbili za fomu na kamati na tai ya Mkaguzi. Mimi na tai yake tuna habari gani? Alivuta mpini baada ya siku tatu. Mwanangu aliuvuta siku ile, dakika ile, uso unamwaka moto. Hizo ni siku mbili tofauti, au huko kwenu maabara kalenda inakwenda vingine?

Usinifanye mtoto. Nimekubeba mgongoni mimi.

Na usidhani sijui ofisi zinavyoandika. Miaka ishirini nilisimama kati ya mashine za kufuma, kelele zile unazisikia mpaka kwenye meno. Masikio yalipokufa nikaenda kwa daktari wa kiwanda, akaandika "uziwi wa ukoo". Ukoo gani? Mama mpaka leo anasikia sisimizi akipita! Lakini iliandikwa, basi ikawa. Mpaka shangazi zetu wakaanza kuulizana nani kwenye ukoo alikuwa kiziwi, na wakampata, maana ukitafuta hukosi. Karatasi ikishasema, hata wewe mwenyewe unaanza kuiamini.

Hilo ndilo linalonitia hofu kwa mtoto. Mwezi uliopita alikuwa anasema "nilivuta, Mama, mpini ulilia kaa, maji hayakutoka". Juzi, tunapepeta mchele, maana nimempa kazi za mikono, akaniambia: "Mama, labda nilishika kitu kingine. Labda nilivuta mlango wa kabati." Nikamwambia mlango wa kabati unavutwaje kwenda chini? Akapepeta kidogo. Halafu akasema, "Sijui tena."

Amepoteza mengi. Hili la kujua alichokifanya kwa mikono yake mwenyewe asilipoteze nalo. Ulikuwepo. Mwambie.

Dada


15 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote. Hongera kwa mshonaji na mapacha wake.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Una haki ya kukasirika. Huku mambo ni mengi, nakuandikia kwa kifupi.

Pale mlangoni tuna ubao unaohesabu siku bila ajali. Siku ile ulikuwa mia nne na kumi. Ajali ya Chiriku imeingizwa kama tukio la uzembe binafsi, kwa hiyo ubao haukurudishwa sifuri, hesabu imeendelea tu. Najua utachukia kusikia, na mimi nikipita pale naangalia chini. Wameniambia nitapandishwa, nisimamie usalama wa matawi yote. Sijajibu.

Nakuomba usimuulize mtoto maswali mengi. Mtu akiwa kwenye maumivu kama yale, hata dakika nne zinakuwa kama saa nzima, kumbukumbu zinavurugika, si kosa lake. Mwambie Mjomba anasema si kosa lake.

Nasikia kuna maofisa wawili watapita huko kwenu kufunga faili. Ni watu wazuri. Wapokeeni.

Nimeweka matone mengine.

Mdogo wako


6 Mei

Mdogo wangu,

Mama mzima. Sisi wazima. Salamu zimeisha.

Hao watu wako wazuri walifika Jumatatu. Walikaa kwenye viti vyangu, wakanywa chai yangu, wakampa pole mtoto, wakatoa karatasi. Imeandikwa kwamba yeye, kwa hiari yake, anakiri alichanganyikiwa na hakuvuta mpini wa bomba la kuoshea macho ipasavyo. Nilisoma, nikawaambia haweki kidole hapa. Wakasema mama, hatujaja kwako, mwenye kidole ni mtu mzima.

Nikamgeukia nikamwambia Chiriku, usiweke. Unajua alinijibu nini? Nakuandikia alivyosema, sipunguzi wala siongezi: "Mama, Mjomba alikuwepo. Kama maji hayakuwepo, Mjomba angesema."

Akaweka kidole. Ilibidi wamshike mkono wamwelekeze mahali.

Kumbe wewe ndiye ushahidi wake. Maneno ya watu hayakumshinda, barua ya onyo haikumshinda, ni kimya chako kilichomshinda. Mtoto amekuamini wewe kuliko mikono yake.

Na mimi nina jambo nililokuficha. Barua ya Machi nilikuandikia "anaendelea". Jicho la kushoto lilitolewa tarehe kumi na mbili Machi. La kulia linatambua dirisha lilipo wakati wa jua, basi, na daktari anasema hata hilo litafunga. Sikukuambia kwa sababu nilikuonea huruma. Nilijisemea mdogo wangu atajilaumu kwa kumtafutia kazi ile, na hakuna alichokosea, alitaka kutusaidia. Ona nilivyo mjinga. Nilikuwa nakulinda.

Matone yako nayapanga dirishani. Hayana pa kudondoshwa.

Sasa nijibu hili. Aprili umeniandikia "dakika nne". Mimi sijawahi kukuambia dakika nne. Chiriku hajawahi kuzitaja, hakuwa na saa wala macho ya kuitazama. Barua ya onyo haina dakika. Nani alizihesabu? Na kama bomba lilikuwa zima kama alivyosema Mkaguzi, mlikuwa mnafanya nini dakika nne?

Dada


11 Juni

Dada,

Shikamoo. Sina habari za nyumbani za kukupa leo. Mke wangu anajua ninachokuandikia. Nimemwambia jana, ametoka kwenda kukaa uani na hajanisemesha.

Maji hayakuwepo.

Nakuomba umsomee Chiriku mstari huo kabla ya mwingine wowote. Alivuta mpini. Aliuvuta vizuri. Maji hayakuwepo, na aliyeyafunga ni mimi.

Ilikuwa Novemba mwanzoni. Tulipata fununu kwamba Mkaguzi anakuja. Bomba la macho lilikuwa linavuja kidogo pale kwenye shingo yake, dimbwi dogo tu sakafuni, na sakafu yenye maji ni kosa linaloandikwa, mtu anaweza kuteleza. Mkuu wa Maabara akaniambia, nataka sakafu kavu. Fundi bomba angechukua wiki. Kwa hiyo nikainama chini nikaifunga koki. Sakafu ikakauka. Mkaguzi akapita, hakuvuta mpini siku ile, akatusifia usafi. Dada, nilifunga maji ya kuokoa macho ya watu ili tusiandikwe kosa la usalama. Nikilisema hivyo linasikika kama mzaha, lakini pale ndani tulikuwa tumeshazoea kufikiri hivyo, tunaogopa karatasi ya Mkaguzi kuliko tindikali yenyewe.

Nilisema nitaifungua akishaondoka. Nikasahau. Kila Ijumaa natakiwa kuyafungulia maji yale dakika kadhaa, niyaangalie, nitie saini. Nilikuwa natia saini mezani kwangu na kikombe cha chai. Ijumaa kumi na moja. Kuna hata saini ya Ijumaa ya mwaka mpya, maabara imefungwa kwa kufuli na mimi niko nyumbani nimelala. Hakuna aliyeligundua hilo, maana wote wanaokagua kitabu wanahesabu saini, hawaangalii tarehe.

Sasa siku yenyewe. Niliposikia kelele nilikimbia, nikafika peke yangu. Alikuwa ameshika mpini, ananiita Mjomba, Mjomba, hakuna maji. Papo hapo nikakumbuka koki.

Chumba alichokuwa anaoshea vyombo kiko ng'ambo ya korido. Nimekwenda kupima baadaye. Hatua tisa. Mabomba manne, yote yana maji. Ningemshika mkono tu, tungefika kabla hajamaliza kuniita. Sikumshika mkono. Nilimwambia subiri, nikapiga magoti kufungua koki. Ilikuwa imeshika kutu. Nikatoka nikachukua spana kwenye droo ofisini, nikarudi. Saa ya ukutani iko juu ya bomba lile, niliiona naingia, niliiona maji yalipotoka. Wenzangu walipofika, bomba lilikuwa linamwaga maji na mimi nimemshikilia kichwa, wakanisifu.

Nimejiuliza miezi yote hii kwa nini nilipiga magoti. Nimejidanganya kwamba nilipagawa. Sikupagawa. Nilitaka watu wakija wakute maji yanatoka. Niliwaza kitabu changu, Dada. Mtoto wako anaungua na mimi niliwaza kitabu.

Barua yako ya Mei nimeisomea chooni kazini. Nilipofika alipoweka kidole nikaikunja, nikaenda kuchukua kile kitabu cha ukaguzi. Leo asubuhi nimekwenda moja kwa moja ofisini kwa Mkaguzi, sikupitia sanduku jekundu. Nimempa kitabu na maelezo yangu kwa mkono wangu. Akaniuliza kama najua ninachokifanya. Nikamwambia hiki ndicho kitu cha kwanza ninachokijua tangu Januari.

Sijui nikuombe nini. Kwa hiyo siombi.

Mdogo wako


17 Julai

Dada,

Shikamoo. Sijapata jibu lako na sikulaumu. Nakuandikia kwa sababu uamuzi umetoka na Chiriku ana haki ya kuujua.

Nimefukuzwa kazi, na nimezuiwa kusimamia usalama mahali popote maisha yangu yote. Ni sawa. Maabara imefungwa miezi miwili na imetozwa faini. Mkuu wa Maabara amepewa karipio la maandishi. Alisema yeye aliagiza sakafu kavu, hakuagiza koki ifungwe, na ni kweli, hakutamka neno koki. Hilo nalo limeandikwa hivyo. Ubao wa mlangoni umefutwa. Ufunguo wa sanduku jekundu amepewa fundi wa mizani, wamemtoa stoo. Nilimkuta getini siku nakabidhi vitu vyangu. Nilidhani atanitolea maneno. Aliniambia tu, "Ungekuja na mimi mwaka jana tungekuwa wawili."

Watu thelathini na wawili wako nyumbani kwa hizi wiki, na wengine wakiniona barabarani wanavuka upande wa pili. Mke wangu sasa ananisemesha, mambo ya watoto na ya jikoni.

Ndani ya bahasha hii kuna barua mbili zenye mhuri. Moja inafuta onyo la Chiriku. Nyingine inafuta ile karatasi aliyoweka kidole, na inasema waziwazi kwamba mfanyakazi alitumia kifaa ipasavyo na kifaa hakikuwa na maji. Niliwaomba waandike neno "ipasavyo" kwa sababu ndilo walilomwandikia mwanzo.

Nina muda sasa. Nikikubaliwa, naomba nije nimwambie mwenyewe, ana kwa ana. Nitalala hata kwa mshonaji.

Mdogo wako


30 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu. Mama hajambo. Anauliza habari zako kila siku, namwambia una kazi nyingi. Sijamwambia kitu na sitamwambia, mzigo huu magoti yake hayauwezi.

Barua yako ya Juni niliisoma peke yangu nyuma ya nyumba. Nikaikunja nikaiweka chini ya godoro. Najua uliniomba nimsomee mtoto mstari wa kwanza. Zaidi ya mwezi nilishindwa. Kila nikiitoa nairudisha. Kwa hiyo hata mimi nimemchelewesha, na hilo ni langu, nitalibeba.

Ilipofika ile ya pili yenye mihuri nikapiga moyo konde. Nikasubiri Mama aende kliniki, nikamkalisha mtoto kitandani, nikamsomea zote mbili mwanzo mpaka mwisho, sikuruka neno. Unajua mimi nikisoma napaza sauti kwa sababu sijisikii. Nadhani mtaa mzima umesikia. Basi na wasikie.

Pale ulipoandika "Maji hayakuwepo" alisema, "Rudia, Mama." Nikarudia. Akasema rudia. Mara tatu. Akashika uso wake kwa mikono miwili akacheka, kicheko kile chake cha zamani, halafu kikageuka kilio na mimi nikamwacha alie. Aliniambia, "Kumbe sikuwa na wazimu. Mama, nilikuwa nadhani nina wazimu, nilikuwa naogopa kukwambia."

Miezi saba mwanangu alikuwa anaogopa akili yake mwenyewe, amelala chumba kimoja na mimi, na sikujua.

Halafu akauliza, "Amesema hatua ngapi mpaka chumba cha kuoshea?" Nikamwambia tisa. Akasimama, akashika ukuta, akaanza kutembea kutoka kitandani anahesabu kwa sauti. Tisa zilimfikisha mlangoni. Hakufika hata uani. Akasimama pale, kiganja kwenye mwimo wa mlango, akasema, "Si nyingi." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayejua bei ya kitu ambacho hatakinunua.

Tangu siku ile anaongea. Si kama zamani, lakini anaongea. Zile barua mbili za mihuri amezishonea mfuko wa kitambaa, kwa mkono, kwa kupapasa, na mshonaji amekiri kwamba mshono umenyooka. Anazitoa na kumpa kila mgeni azisome kwa sauti. Mgeni akifika kwenye "ipasavyo" yeye anaitikia kwa kichwa.

Amekusamehe. Amesema nikuandikie hivyo, na amesema uje. "Mwambie Mjomba aje, nitamfahamu kwa miguu yake." Nimefikisha ujumbe wake kama alivyonituma.

Sasa mimi. Nimejaribu, Mungu anaona. Koki naielewa, mtu anaweza kusahau. Saini naielewa, uvivu ni wetu sote. Hata kimya cha miezi mitano najilazimisha kukielewa, una watoto. Nikifika pale ulipopiga magoti nakwama. Mtoto anaungua, anakuita Mjomba, wewe unaondoka kwenda kutafuta spana. Nimeusoma ukurasa ule mpaka karatasi imelegea na kila mara unaondoka.

Yeye ndiye aliyepoteza macho, akitaka kusamehe ni haki yake na simzuii. Mimi nina haki yangu. Usije. Ukija nitakufungulia mlango kwa ajili ya Mama, nitakupakulia chakula, nitakuuliza habari za watoto mbele ya watu, na utaondoka ukidhani yameisha. Sitaki nikufanyie hivyo. Katika nyumba hii hatutaki tena kitu kinachoonekana kizima na si kizima.

Nitamwambia Chiriku kwamba mimi ndiye niliyekukataza, asije akadhani ni wewe uliyekataa. Asubiri, nawe usubiri, na sijui ni mpaka lini. Nilikuwa na mdogo mmoja tu duniani, nilimlea mimi, na sasa sijui nimfanye nini.

Dada yako